Kabla Hujalala Mezani: Upasuaji wa Kuinua Uso Unafanya Nini Hasa

Karibu kila anayewaza upasuaji wa kuinua uso amewahi kusimama mbele ya kioo, akaweka vidole mbele ya masikio, akaivuta ngozi nyuma na juu kidogo. Mstari wa taya unajitokeza tena. Mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo inafifia. Akiachia, uso unarudi ulivyokuwa. Kwa sekunde hizo chache ameona anachokitamani, lakini pia amejijengea picha isiyo sahihi ya namna kinavyopatikana. Vidole vinavuta ngozi, na katika upasuaji mzuri wa siku hizi ngozi ndiyo inayovutwa kidogo kuliko vyote.

Naanzia hapo kwa sababu makosa mengi ya watu wanaoingia kwenye upasuaji huu yanatokana na ile picha ya vidole. Wanauliza bei kabla ya kuuliza mbinu. Wanatarajia madoa na mistari midogo viondoke. Wanamchagua daktari anayeahidi kumaliza kazi kwa saa moja. Ukielewa ni kitu gani hasa kilichoshuka usoni, na kiko tabaka lipi, maswali mengine yanaanza kujibika yenyewe.

Kilichoshuka kiko chini ya ngozi

Uso una matabaka. Juu kabisa ni ngozi. Chini yake kuna mafuta, nayo hayajatandazwa kama shuka moja: yamegawanyika katika vifuko vidogo vidogo, kila kimoja na mipaka yake. Chini ya mafuta hayo kuna utando imara wenye nyuzi na misuli, unaoungana na ule msuli mpana na mwembamba wa shingo uitwao platisma. Madaktari huuita SMAS, na jina hilo utalisikia mara nyingi ukikaa nao kwa mazungumzo. Chini zaidi kuna mafuta mengine, misuli ya ndani, mishipa ya fahamu inayoiamrisha misuli ya uso, na mwisho mfupa. Kutoka ndani huko zinachomoza kano fupi zinazopanda hadi kwenye ngozi. Kazi yake ni kama ya zile nyuzi zinazopenya godoro la sufi ili sufi isikimbilie upande mmoja.

Umri unagusa matabaka yote hayo. Ngozi inapungukiwa kolajeni, ile protini inayoipa uimara, na kwa wanawake upungufu huo huongeza kasi miaka michache baada ya hedhi kukoma. Jua na sigara vinaharakisha. Mafuta ya shavu yananyauka sehemu moja na kuteremka sehemu nyingine. Mifupa nayo inabadilika: tundu la jicho linapanuka, taya inapungua. Kano zinalegea, ila hazilegei kwa kiasi kimoja. Ndiyo maana shavu halishuki lote kwa usawa. Linateremka mpaka linapokutana na kano ambayo bado imeshika, kisha linajikunja juu yake. Ile nyama inayoning'inia pande mbili za kidevu imekaa pale kwa sababu hiyo.

Wenye ngozi nyeusi wanastahili neno lao hapa. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, huikinga ngozi na mionzi ya jua, kwa hiyo mistari midogo huchelewa kuonekana. Lakini mafuta na kano vinashuka kama kwa mtu mwingine yeyote. Unaweza kumwona mtu wa miaka 60 mwenye ngozi laini isiyo na kunyanzi, ilhali shavu na taya vimeteremka. Kwake tatizo si ngozi hata kidogo, na dawa yoyote inayoshughulika na ngozi peke yake haitamfikisha mbali.

Madaktari wenyewe walichukua muda kulielewa hili. Eugen Holländer wa Berlin anatajwa miongoni mwa waliotangulia kufanya upasuaji huu, mwaka 1901, kwa kukata vipande vya ngozi karibu na nywele na masikio kisha kushona kingo. Suzanne Noël, Mfaransa na mmoja wa wanawake wa kwanza katika fani hii, aliufanya Paris katika miaka ya 1920. Kwa miongo mingi mbinu ilibaki ileile: tenganisha ngozi, ivute, kata iliyozidi, shona. Matokeo hayakudumu, kwa kuwa ngozi ni kitu kinachonyumbuka na ukiikaza leo italegea kesho. Ilipokazwa sana ndipo nyuso zilipochukua ile sura ya mtu aliyesimama mbele ya upepo mkali: mdomo umepanuka kwa pembeni, ndewe zimevutwa chini, makovu yametanuka.

Mabadiliko yalikuja miaka ya 1970. Mwaka 1974 Tord Skoog wa Sweden alieleza namna ya kuinua tabaka la chini pamoja na ngozi iliyo juu yake, na mwaka 1976 Vladimir Mitz na Martine Peyronie wa Ufaransa wakaueleza rasmi ule utando wa SMAS. Tangu hapo uzito wa kuvuta umehamia kwenye utando ulio imara. Ngozi inalazwa tu juu yake bila kukazwa, na kovu linashonwa bila kitu kulivuta. Sam Hamra wa Marekani akaenda mbali zaidi mwaka 1990 alipoeleza mbinu ya kuingia chini ya utando wenyewe, kuziachia kano, na kulisogeza shavu zima kama kipande kimoja.

Majina ya matangazo na mbinu zenyewe

Ukisoma matangazo utadhani kuna aina thelathini za upasuaji huu. Mengi ni majina ya biashara. Ili usipotee, shika maswali matatu: ni tabaka lipi linaloshughulikiwa, ngozi inatenganishwa hadi wapi, na je, shingo imo?

Wapo madaktari wanaoukunja utando wa SMAS na kuushona bila kuuchimbua. Wapo wanaokata ukanda mwembamba wa utando huo na kuunganisha kingo mbili. Wapo wanaopita chini yake, ile mbinu ya tabaka la ndani ambayo sasa inazungumzwa kila mahali. Hii ya mwisho inasaidia zaidi sehemu ya kati ya uso, lakini inampeleka daktari karibu zaidi na matawi ya mshipa wa fahamu wa uso, na haifai kufanywa na mtu anayejifunzia kwako. Tafiti zilizozilinganisha mbinu hizi hazijaipa hata moja ushindi wa wazi. Kwa maoni yangu, mkono wa daktari una uzito kuliko jina la mbinu. Afadhali aliyeikunja SMAS mara mia nyingi na anaijua, kuliko aliyerudi wiki iliyopita kutoka kwenye kozi ya tabaka la ndani.

Upasuaji mdogo, ule unaoitwa nusu au wa muda mfupi, una mshono mfupi unaoishia karibu na sikio. Unamfaa mtu ambaye taya imeanza tu kulegea na shingo bado iko sawa. Mwenye shingo iliyolegea akiuchagua kwa sababu ni wa haraka, atakuwa na taya ya mtu mmoja na shingo ya mwingine. Shingo mara nyingi inahitaji mkato mdogo chini ya kidevu, ili zile kamba mbili za platisma zinazosimama mtu anapozungumza zishonwe pamoja katikati.

Kuhusu kuinua uso kwa nyuzi: sindano hupitisha nyuzi zenye vijimiba chini ya ngozi, nyuzi zinakamata na kuvuta, kisha zinayeyuka. Kinachopatikana kwa kawaida hudumu miezi, pengine mwaka. Si upasuaji wa kuinua uso, hata kama tangazo limeandikwa hivyo.

Usichopaswa kukitarajia

Upasuaji huu ni wa thuluthi ya chini ya uso na shingo: taya, nyama inayoning'inia, ngozi ya kooni, na kwa kiasi fulani shavu. Hauinui nyusi. Hauondoi mifuko chini ya macho wala ngozi iliyoangukia kope. Hauifuti mistari midogo iliyo juu ya mdomo, hauondoi madoa ya jua, haubadilishi ubora wa ngozi. Mikunjo ya kutoka puani hadi mdomoni inalainika tu, haiondoki. Wengi wanaolalamika baada ya upasuaji uliokwenda vizuri kabisa wanalalamikia mambo ambayo upasuaji haukuwahi kuyagusa.

Hayo mengine yana njia zake. Kope zina upasuaji wake. Mashavu yaliyokauka yanaweza kujazwa kwa mafuta ya mtu mwenyewe yanayotolewa tumboni au pajani, ingawa sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili. Ngozi yenyewe inashughulikiwa kwa leza au kwa dawa za kuichubua, na hapa mwenye ngozi nyeusi awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa leza kali inaweza kumwachia madoa mabaya kuliko aliyokuja nayo. Sindano za botulinamu hulegeza misuli kwa miezi mitatu au minne na kutuliza mikunjo ya paji la uso na pembeni mwa macho, haziinui kilichoshuka. Vijazio vya asidi ya hialuroni hurudisha ujazo uliopotea, na vikitumiwa kwa kiasi vinafaa.

Shida huanza vijazio vinapotumiwa kuinua uso ulioteremka. Kila miezi michache unaongezwa kidogo, na kidogo kingine, mpaka uso unakuwa mzito na mpana, kama umevimba. Mtu huyo alihitaji tishu zirudishwe mahali pake, akapewa uzito zaidi wa kuzivuta chini. Na kama umewahi kuchoma vijazio au kupitishiwa nyuzi, mwambie daktari wa upasuaji hata kama ni miaka mingi iliyopita. Vinabadilisha matabaka atakayoyapita, na hapendi kukutana navyo bila kutarajia.

Utadumu kwa muda gani? Madaktari wengi hutaja miaka 7 hadi 10, kutegemea ngozi, urithi, jua na mbinu. Shingo ndiyo hulegea mapema. Uso uliofanyiwa upasuaji unaendelea kuzeeka kila siku kama kawaida, ila unaanzia mahali pengine.

Je, mwili wako uko tayari?

Hakuna umri maalumu. Wengi hufanyiwa kati ya miaka 45 na 65, lakini mtu wa miaka 72 mwenye afya njema anaweza kuwa salama kuliko wa 50 mwenye presha isiyodhibitiwa. Daktari mzuri atakuuliza kuhusu kisukari, moyo, historia ya damu kuganda au kutoganda, na dawa zote unazomeza. Asipouliza, hiyo tayari ni habari.

Sigara inahitaji kuzungumzwa kwa urefu. Wakati wa upasuaji ngozi ya shavu inatenganishwa na kilicho chini yake, na kwa siku kadhaa inaishi kwa damu inayopita kwenye mishipa midogo sana ya pembezoni. Nikotini inaikaza mishipa hiyo. Damu ikikosa kufika, ngozi inageuka rangi, inakuwa nyeusi kama gome, inakufa, na pale itakapobanduka kutabaki kidonda na kovu pana mbele au nyuma ya sikio. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba hatari ya ngozi kufa kwa mvutaji ni takribani mara 12 ya asiyevuta. Kwa hiyo madaktari wengi hudai uache angalau wiki nne kabla na wiki nne baada, na wengine hupima mkojo kuhakikisha. Sigara za kielektroniki, ugoro, na hata vibandiko na bazoka za nikotini za kumsaidia mtu kuacha, vyote vinaleta nikotini ileile. Ukimdanganya daktari hapa, anayelipa ni ngozi yako. Siwezi kuufikiria uongo mwingine wa chumba cha daktari wenye gharama inayoonekana usoni kiasi hicho.

Dawa zinazopunguza kuganda kwa damu ni jambo jingine. Aspirini, ibuprofeni na jamii yake, vitamini E, mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu na vya ginko, mara nyingi husimamishwa kama wiki mbili kabla. Lakini aliyeandikiwa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Aliyemwandikia na atakayempasua wazungumze kwanza.

Uzito uwe umetulia. Anayepanga kupungua kilo nyingi apungue kwanza, kwa kuwa mafuta ya uso yakiondoka baadaye, ngozi italegea upya na kazi yote itakuwa imepotea.

Kovu pia lina historia yake. Kama wewe au ndugu zako mna tabia ya kupata keloidi, yale makovu yanayovimba na kutoka nje ya mipaka ya kidonda, sema mapema. Keloidi ni za kawaida zaidi kwa watu weusi, na ndewe ya sikio ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana kwazo. Wengi wamezigundua baada ya kutoga. Mshono wa kuinua uso unazunguka sikio lote hilo: unaanzia panjani, unashuka mbele ya sikio, unapita chini ya ndewe, unapanda nyuma na kuingia kwenye nywele. Aliyewahi kupata keloidi sikioni ana sababu nzito ya kusita, na daktari anayeipuuza hoja hiyo hajamwangalia mgonjwa wake.

Halafu kuna moyo wa mtu. Kutaka kuonekana vizuri hakuhitaji kuombewa radhi, na wanaowasema wanaotamani upasuaji huu kana kwamba wametenda dhambi hawawasaidii. Wanawasukuma tu kwenda kwa siri, bila ushauri, kwa mtu wa kwanza anayepatikana. Lakini zipo nyakati mbaya za kuamua: mara baada ya talaka, msiba, kufukuzwa kazi, au kwa shinikizo la mwenzi. Upasuaji haumrudishi aliyeondoka. Na wapo watu wenye maradhi ya akili yanayowafanya waone kasoro kubwa mahali ambapo wengine hawaoni kitu. Hawa wakipasuliwa hawatulii, wasiwasi wao huhamia sehemu nyingine ya mwili. Wanahitaji daktari wa akili. Kama umeshafanyiwa mara mbili tatu na hakuna iliyokuridhisha, jiulize hilo kwa upole, au muulize mtu anayekupenda.

Yanayoweza kwenda kombo

Tatizo kubwa linalotokea mara nyingi ni damu kuvilia chini ya ngozi. Huwapata takribani watu 1 hadi 4 kati ya 100, na wanaume zaidi ya wanawake kwa sababu ngozi ya ndevu ina mishipa mingi ya damu. Kwa kawaida hutokea ndani ya saa 24 za kwanza. Dalili yake ni maumivu yanayoongezeka upande mmoja, uvimbe unaokua haraka, ngozi kukaza. Hii ni dharura: damu isipotolewa upesi, ngozi iliyo juu yake inaweza kufa. Presha ikipanda ndiyo mchochezi mkuu, kwa hiyo hata kutapika, kukohoa sana au kujikamua chooni vinatazamwa kwa makini usiku ule.

Kinachowatisha wengi ni kupooza uso. Matawi ya mshipa wa fahamu wa uso yanapita karibu na eneo la kazi, hasa lile linaloinua nyusi na lile linaloushusha mdomo wa chini. Udhaifu wa muda hutokea na mara nyingi hupona ndani ya wiki au miezi. Wa kudumu ni nadra, chini ya mtu 1 kati ya 100. Mshipa unaoumia mara nyingi zaidi hauhusiki na kusogeza uso kabisa: ni ule unaolipatia sikio hisia zake. Ukiumia, ndewe inabaki na ganzi. Hata usipoumia, mashavu na masikio huwa na ganzi kwa wiki nyingi kwa sababu ngozi imetenganishwa. Wanaume wawe waangalifu wanaponyoa, na waongezewe jambo moja: ngozi yenye ndevu inaweza kusogezwa hadi kwenye sikio, wakajikuta wananyoa mahali ambapo hawakuwahi kunyoa.

Maambukizi si mengi kwa sababu uso una damu ya kutosha. Nywele kando ya mshono zinaweza kudondoka na kwa kawaida huota tena. Ndewe iliyovutwa chini, mstari wa nywele uliosogea, pande mbili zisizolingana: haya yanategemea zaidi mkono wa aliyeshona.

Siku yenyewe na wiki zinazofuata

Kazi kamili ya uso na shingo huchukua saa tatu hadi tano, wakati mwingine zaidi. Inaweza kufanywa kwa nusukaputi, au kwa ganzi ya sehemu pamoja na dawa ya kukutuliza usinzie. Vyote viwili ni salama mikononi mwa mtaalamu wa usingizi aliye pale kwa kazi hiyo tu. Daktari mmoja hawezi kupasua na wakati huohuo kulinda pumzi yako.

Ukiamka utakuwa na bendeji kichwani, pengine na mirija miwili midogo ya kutolea damu itakayoondolewa baada ya siku moja au mbili. Maumivu si makubwa kama watu wanavyodhani. Wengi husema ni kukazwa na uzito. Utalala umeinua kichwa kwa wiki moja au mbili. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na vilio vya damu hushuka shingoni hadi kifuani vikibadilika rangi. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 10.

Wiki ya pili ina mtihani wake. Msisimko umeisha, uso bado umevimba na hauko sawa pande zote, na anayekutazama kwenye kioo humtambui vizuri. Wengi hulia. Wengi hujuta. Laiti wangeambiwa kwamba hali hii huja na hupita, wasingejihisi wapweke nayo. Usihukumu chochote wiki hiyo, na usikubali kurekebishwa chochote.

Baada ya wiki mbili au tatu wengi hurudi kazini, wengine wakifunika mabaki ya vilio vya damu kwa vipodozi. Mazoezi mazito na kubeba vitu vizito husubiri wiki nne hadi sita. Makovu huwa mekundu au meusi zaidi ya ngozi kwa miezi kabla ya kufifia, na jua litayazidishia rangi usipojikinga. Uso wenyewe unaotarajiwa huonekana vizuri kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Kama kuna harusi ya mwanao, usipange upasuaji mwezi mmoja kabla.

Unayemkabidhi uso

Katika nchi nyingi jina "daktari wa urembo" halilindwi na sheria. Uingereza, kwa mfano, daktari yeyote aliyesajiliwa anaweza kisheria kufanya upasuaji wa urembo hata kama hakusomea ubingwa wa upasuaji. Australia ilibana jina la daktari wa upasuaji mwaka 2023 baada ya malalamiko kuzidi. Kwa hiyo cheti ukutani hakitoshi; unachotafuta ni ubingwa wa upasuaji rekebishi, au wa upasuaji wa uso na shingo, ulio kwenye daftari la baraza la madaktari la nchi hiyo, ambalo kwa kawaida unaweza kuliangalia mwenyewe.

Omba picha za wagonjwa wake zilizopigwa baada ya mwaka mmoja. Za wiki ya sita hazisemi kitu, kwa maana uvimbe bado unajaza mikunjo. Zitazame kwa mwanga uleule na kichwa kikiwa kimekaa vilevile katika picha zote mbili. Kidevu kikiinuliwa kidogo tu, hata shingo isiyoguswa itaonekana imekazwa. Tazama masikio. Ndewe iliyokaa vizuri na kovu usiloliona kwa urahisi vinakuambia kuhusu fundi kuliko tabasamu la mgonjwa. Na tafuta picha ya mtu anayefanana nawe kwa umri, jinsia na rangi ya ngozi.

Muulize anafanya ngapi kwa mwaka, nani atakupa usingizi, chumba cha upasuaji kimesajiliwa na nani, na gharama za kurekebisha zikihitajika zitalipwa na nani. Anayekasirishwa na maswali haya amekujibu. Anayekupa punguzo ukilipa leo amekujibu pia. Daktari wa kweli mara nyingi hukurudisha nyumbani ukafikiri, na hukutana nawe angalau mara mbili kabla ya kushika kisu.

Kusafiri nje kwa ajili ya bei nafuu kunawezekana na wapo wanaofanikiwa. Hesabu yake lakini inabadilika ukiingiza siku za kukaa hotelini, nyuzi za kutolewa, hatari ya damu kuganda miguuni katika safari ndefu ya ndege, na wiki ya pili ile ya machozi mbali na nyumbani. Aliyekupasua akiwa bara jingine, tatizo litakalojitokeza mwezi wa pili litaangukia kwa daktari ambaye hakuona kilichofanyika ndani.

Swali la mwisho la kumuuliza ni dogo, na ningependa kila anayefikiria upasuaji huu alibebe mfukoni: nikiamka saa nane usiku wa kwanza upande mmoja wa uso umevimba na unauma kuliko mwingine, nampigia nani, atafika baada ya dakika ngapi, na chumba cha upasuaji kitakuwa wazi? Jibu linapaswa kuwa na jina la mtu, namba ya simu na mahali.